EDA ya NC3Rs: hodari wa hesabu, ila panya hamjui

Kifaa kinachohakikiwa hapa kinaitwa Experimental Design Assistant, kwa kifupi EDA. Kimetengenezwa na NC3Rs, taasisi ya Uingereza inayosukuma watafiti watumie wanyama wachache zaidi na kwa mateso kidogo zaidi, na kimekuwa mtandaoni tangu 2015. Hakiuzwi. Unajisajili, unafungua ukurasa mtupu, unachora jaribio lako kwa visanduku na mishale, kisha programu inausoma mchoro na kukueleza penye kasoro. Kwa mwanafunzi wa uzamili ambaye angenakili "panya sita kila kundi" kutoka tasnifu ya aliyemtangulia, ni msaada mkubwa. Kwa anayekusudia kutumia panya waliobadilishwa jeni, msaada huo unaishia njiani: EDA haioni uzalishaji wa panya wenyewe, na hapo ndipo majaribio mengi ya aina hii huharibika kabla hata sindano ya kwanza haijadungwa.

Ili tusiongee hewani, tuchukue swali moja linaloeleweka Uganda: je, kuzima jeni fulani ndani ya makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) kunawakinga panya na malaria ya ubongo inayosababishwa na Plasmodium berghei ANKA, kimelea cha malaria ya panya? Panya wa ukoo wa C57BL/6 hupata ugonjwa huo kati ya siku ya 6 na ya 10 baada ya kuambukizwa. Wa BALB/c kwa kawaida hawaupati. Tofauti hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwamba ukoo wa panya si jambo la kujazia fomu.

Mchoro

Visanduku vya kijivu hubeba mambo ya jumla: nadharia tete, athari inayotafutwa, kizio cha jaribio (kile kinachohesabiwa kuwa kimoja, kama panya au kizimba), sifa za wanyama. Vya buluu na zambarau ni kazi za mikono, yaani kugawa makundi, kudunga, kupima. Vya kijani na vyekundu ni uchambuzi: tokeo litakalopimwa, kigezo unachokichunguza, na vigezo vya usumbufu ambavyo havikuhusu ila vitaharibu matokeo usipovidhibiti. Mara ya kwanza kazi hii inachosha, na skrini ya simu haifai kabisa. Tumia kompyuta yenye skrini pana.

Faida yake kubwa ni kwamba haikuachi ukwepe swali la kizio cha jaribio. Dawa ikiwekwa kwenye maji ya kunywa, kizio ni kizimba, hata kama ndani mna panya watano. Mama akidungwa akiwa na mimba, kizio ni tumbo zima la watoto aliowazaa. Vioo vitatu vya damu kutoka mkia mmoja ni panya mmoja, si watatu. Katika mfano wetu kila panya anaambukizwa peke yake, kwa hiyo kizio ni panya, lakini ndugu wa tumbo moja hufanana kuliko panya wa matumbo tofauti: wamenyonya pamoja, wana vijidudu sawa vya utumbo. Kwa hiyo tumbo alilozaliwa panya liingie kwenye mchoro kama kigezo cha usumbufu, na liingie pia kwenye uchambuzi. Tarehe ya kuambukiza nayo iingie hivyohivyo, kwa kuwa huwezi kupata panya wote wa umri mmoja siku moja.

Kosa la kwanza la wanaochora jaribio la panya hawa ni kuichora jenotaipu (aina ya jeni aliyobeba mnyama) kama matibabu, na mshale wa mgawo wa nasibu ukielekea "wasio na jeni" na "wenye jeni". Hakuna anayepiga kura panya gani azaliwe bila jeni. Mshale huo unadanganya, na mtathmini makini ataung'amua. Jenotaipu ni sifa aliyozaliwa nayo mnyama. Unachoweza kupigia kura ni nani aambukizwe na nani adungwe maji ya chumvi tu, nani apate dawa, nani atangulie, kizimba kipi kikae rafu ya juu. Kura hiyo ipigwe ndani ya kila jenotaipu, na ikiwezekana ndani ya kila tumbo.

Mpangilio wa kudunga unastahili kutazamwa kwa karibu. Dozi ya kawaida ni seli nyekundu milioni 1 zenye vimelea, zilizotolewa kwa panya mfadhili, zikachanganywa na maji ya chumvi na kudungwa tumboni. Vimelea hivyo havingoji; kadiri bomba linavyokaa mezani, ndivyo vilivyo hai vinavyopungua na seli zinavyotuama chini. Ukimaliza panya wa kawaida wote kisha ndipo uwashike wasio na jeni, hao wa mwisho wamepata dozi hafifu, na "kinga" utakayoiona imetoka kwenye saa ya ukutani. Pishana: mmoja wa huku, mmoja wa kule, tumbo kwa tumbo, na tikisa bomba kila mara.

Idadi

EDA ina kikokotoo cha idadi ya wanyama kwa ajili ya kulinganisha wastani wa makundi mawili. Unaipa tofauti ndogo kabisa ambayo ingekuwa na maana kwako, mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi panya wanavyotawanyika), kiwango cha 0.05 (uwezekano wa kuona athari isiyokuwepo) na nguvu ya 0.8 (uwezekano wa kuiona iliyopo). Tofauti ikilingana na mkengeuko sanifu mmoja, jibu ni panya 17 kila kundi. Ikiwa ni mkengeuko 1.5, panya 9 wanatosha. Ikiwa ni 0.8, inapanda hadi 26. Sita wale wa mazoea wanafaa tu kama athari ni kubwa kupita kiasi. Mkengeuko sanifu uchukue kwenye koloni yako mwenyewe, kwa sababu panya wa chumba kingine na chakula kingine hutawanyika kwa namna nyingine.

Zipo hali mbili ambazo kikokotoo hicho hakizifikii, na zote mbili ni za kawaida kwetu.

Ya kwanza ni tokeo la ndiyo au hapana. Malaria ya ubongo ama imempata panya ama haijampata. Ukitarajia asilimia 90 ya panya wa kawaida waugue na asilimia 50 ya wasio na jeni, hesabu nyepesi inadai karibu 20 kila kundi, na ukiweka sahihisho kwa sampuli ndogo inafika 25. Ndiyo maana ni busara kuchagua tokeo linalopimika kwa namba, kama asilimia ya seli zenye vimelea kwenye kioo cha damu kilichotiwa rangi ya Giemsa au alama za mwenendo wa ugonjwa, mradi linajibu swali lako.

Ya pili ni mwingiliano. Mtu anataka kujua kama dawa inafanya kazi zaidi kwa panya wasio na jeni kuliko kwa wenye jeni. Hapo makundi ni manne na swali ni tofauti ya tofauti. Kuona tofauti ya ukubwa uleule kwa nguvu ileile kunahitaji wanyama mara mbili katika kila kundi, na makundi nayo yamekuwa mara mbili. Jumla mara nne. Pale ambapo panya 34 wangetosha, sasa ni kama 128. Wengi hukwepa gharama hiyo kwa kupima kila jenotaipu kivyake, kisha kutangaza kwamba dawa "imefanya kazi" kwa hawa na "haikufanya" kwa wale kwa kuwa upande mmoja ulivuka 0.05 na mwingine haukuvuka. Hilo si jaribio la mwingiliano, na kifaa chochote cha kupangia kitakuwa kimekufaa kikikuzuia usiliandike.

Kura na usiri

Sehemu ya kupiga kura ndiyo iliyobuniwa vizuri kuliko zote. EDA hupanga orodha ya nasibu na kuituma kwa barua pepe kwa mtu wa tatu uliyemtaja, ili wewe unayedunga na kupima usijue nani yuko kundi gani. Mchague mtu asiyeingia chumba cha wanyama: mtunza kumbukumbu, mwenzako wa maabara jirani, yeyote atakayeilinda orodha.

Kwa panya wa jeni, hata hivyo, siri huvuja kwa milango ambayo programu haiijui. Kadi ya kizimba ina jenotaipu imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Rangi ya manyoya nayo husema: panya mwenye damu ya ukoo mwingine wa maabara uitwao 129 anaweza kutoka kahawia katikati ya weusi wa C57BL/6. Ibadilishe kadi iwe na namba tu, ufunguo wa namba abaki nao aliyefanya PCR (kipimo cha maabara kinachotambua jeni), na vioo vya Giemsa vipewe namba mpya kabla ya kufika kwenye hadubini. Kuwaweka jenotaipu tofauti kizimba kimoja husaidia usiri na hulinganisha vijidudu vya utumbo kwa wakati mmoja. Madume wakutanishwe siku ya kuachishwa ziwa, yaani siku ya 21, maana ukiwachanganya wakiwa wakubwa watapigana.

Kile EDA isichokiona

Kisanduku cha sifa za wanyama kinakubali jina lolote la ukoo. Andika "C57BL/6" na mchoro unasonga mbele. Kumbe jina hilo halijakamilika. Koo ndogo za 6J na 6N ziliachana 1951, ukoo ulipohamishiwa NIH, taasisi ya taifa ya afya ya Marekani. Leo 6J ana upungufu katika jeni ya Nnt unaogusa namna mwili unavyotumia sukari. 6N ana badiliko katika Crb1 linaloharibu retina. Panya wengi wa mradi mkubwa wa kimataifa wa kuzima jeni walitengenezwa kwa seli za 6N. Ukiagiza mmoja wao na kumlinganisha na 6J kwa kuwa ndiye aliye rahisi kupatikana, unapima koo mbili na kudhani unapima jeni moja.

Jifunze kusoma alama ndogo. B6;129 yenye nukta mkato maana yake ni mchanganyiko wa B6 (kifupi cha C57BL/6) na 129. B6.129 yenye nukta maana yake panya amerudishwa kwenye ukoo wa B6, yaani amepandishwa na panya wa B6 tena na tena, kwa vizazi vya kutosha. 10 ndicho kipimo cha ukamilifu. Hata kizazi cha 10, kipande cha kromosomu kinachoizunguka jeni iliyozimwa bado ni cha 129, kwa wastani sentimogani 20 hivi (kipimo cha umbali kwenye kromosomu), na ndani yake mna mamia ya jeni. Mfano unaopaswa kumtisha kila mtu ni wa jeni iitwayo kaspesi 1. Panya wa mwanzo wasio nayo walitengenezwa kwa seli za 129, na ukoo huo una kaspesi 11 iliyokufa tayari, tena jeni hizo mbili zimekaa jirani mno hata kurudisha ukoo hakukuzitenganisha. Kwa miaka mingi sifa ya kustahimili sumu ya bakteria ikapewa kaspesi 1, hadi 2011 ilipobainika kwamba kaspesi 11 ndiyo iliyokuwa ikihusika. Takwimu za majaribio hayo zingeweza kuwa safi kabisa na EDA isingekuwa na neno.

Dawa ya hilo ni ndugu wa tumbo moja kama kundi la kulinganishia. Kwetu kuna kishawishi cha pekee: panya weupe wa Swiss wanapatikana kwenye mabanda ya vyuo, kikiwemo kile cha tiba ya wanyama cha Makerere, na ni wa bei nafuu. Ni panya wazuri kwa kupima sumu ya mitishamba. Kamwe wasiwe kundi la kulinganishia la panya wa jeni aliyejengwa juu ya C57BL/6. Hawafanani hata wao kwa wao.

Katika mfano wetu jeni inazimwa kwa mfumo wa Cre na loxP: jeni imewekewa alama mbili za loxP, na kimeng'enya cha Cre kinaikata kwenye seli tu ambamo kinatengenezwa. Kwa makrofaji wengi hutumia panya aitwaye LysM-Cre. Kumbuka kwamba huyu hukata pia kwenye nyutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe za damu, kwa hiyo usiandike "makrofaji" peke yake kwenye hitimisho. Ukataji wenyewe si kamili, upimwe kwenye seli zilizotenganishwa. Na Cre imepachikwa ndani ya jeni ya Lyz2, inayotengeneza kimeng'enya cha lisozimu, hivyo panya mwenye nakala mbili za Cre hana lisozimu hiyo kabisa. Zalisha wenye nakala moja tu.

Sasa hesabu ya uzazi, ambayo ndiyo bajeti yako halisi. Ukipandisha mzazi mwenye loxP kwenye nakala zote mbili na mwenzake wa hivyohivyo aliyebeba Cre moja, nusu ya watoto wana Cre na nusu hawana, wote wa tumbo moja. Kwa majike 12 wa kila aina, na watoto 6 kila uzazi wanaofika kuachishwa ziwa, unahitaji uzazi 8 kwa wastani. Panga 11, maana wastani haukuahidi kitu. Lakini mpango huu haukupi panya mwenye Cre na asiye na loxP, yule anayeonyesha kama Cre yenyewe ndiyo inayoleta madhara. Ukimtaka naye atoke tumbo hilohilo, wazazi wote wawili wawe na loxP nakala moja na mmoja abebe Cre. Hapo kila aina unayoihitaji hutokea mara 1 kati ya 8, na majike 12 wa kila aina wanadai watoto 192, yaani uzazi 32. Suluhu ya wastani ni kutumia mpango wa kwanza kwa jaribio kuu, kisha kufanya jaribio dogo la pembeni linalolinganisha panya wenye Cre tu na ndugu zao wasio nayo. Liandike kwenye EDA kama mchoro wa pili unaojitegemea. Na mwisho wa yote, kata ncha ya mkia wa kila panya urudie PCR. Kubadilishana kwa vizimba siku ya usafi ni kosa la kawaida kuliko watu wanavyokiri.

Chumba, chakula na makaratasi

Ikweta imetupa zawadi moja: mchana wa Kampala ni karibu saa 12 mwaka mzima. Taa ya ulinzi inayomulika dirishani usiku inaiharibu zawadi hiyo, kwa hiyo dirisha lizibwe. Joto la chumba kisicho na kiyoyozi hupanda mchana na kushuka usiku, na rafu ya juu huwa na joto kuliko ya chini. Weka rafu kama kigezo cha usumbufu, kihesabike. Chakula kikiwa na mahindi kinaweza kubeba sumukuvu, ambayo hudhuru ini na kinga ya mwili, vyote vikiwa ndivyo malaria inavyovigusa. Nunua shehena moja ya kutosha jaribio zima au gawa kila shehena sawa kwa makundi yote, na namba ya shehena iandikwe.

Ripoti ya PDF anayotoa EDA ni nzuri kuambatanishwa na ombi la kamati ya maadili ya wanyama, kwa kuwa inaonyesha kizio, kura, usiri na idadi kwa utaratibu unaolingana na vipengele 10 vya lazima vya ARRIVE 2.0, mwongozo wa 2020 wa kuripoti majaribio ya wanyama. Isidhaniwe kuwa inafunika vibali vingine. Panya wa jeni ni kiumbe kilichobadilishwa kijenetiki, kwa hiyo kuna kamati ya usalama wa kibayoteknolojia ya taasisi, kisha ile ya taifa iliyo chini ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, na kibali cha kuingiza wanyama kutoka wizara ya kilimo. Muswada wa usalama wa kibayoteknolojia ulipita bungeni 2017, ukarudi kwa jina jipya 2018, na mara zote mbili Rais hakuutia saini. Anza makaratasi mapema. Kuagiza viinitete vilivyogandishwa badala ya panya hai hupunguza hatari ya kuingiza virusi na minyoo kwenye koloni, ila uwe na mtu anayejua kuvipandikiza.

Nani akitumie

Kwa jaribio la kuthibitisha lenye makundi mawili au zaidi, kitumie bila kusita. Kwa uchunguzi wa awali wa kuangalia tu kama mbinu inafanya kazi, ni mzigo usio na faida. Kiko kwa Kiingereza, kinahitaji intaneti muda wote, na umeme ukikatika katikati ya mchoro mkubwa utajuta kama hukuhifadhi. Pakua PDF kila unapofikia hatua. Kwa hesabu za mwingiliano na za ndiyo au hapana, weka G*Power, programu ya kukokotoa idadi ya sampuli, kando yake: ni ya bure, imetengenezwa Chuo Kikuu cha Düsseldorf, na ikishasakinishwa haihitaji mtandao. Mpango wa uzazi fanyia kwenye jedwali la kawaida la kompyuta, mstari mmoja kwa kila jike: tarehe ya kupandishwa, tarehe ya kuzaa ambayo ni siku 19 hadi 21 baadaye, idadi ya watoto, jenotaipu zao, na waliokufa kabla ya kuachishwa ziwa. Safu hiyo ya mwisho iangalie kwa jicho kali. Wasio na jeni wakifika wachache kuliko sehemu wanayotarajiwa, wenzao wanafia tumboni au chini ya mama, na hao waliobaki mbele yako ni manusura, si wawakilishi wa kundi.